Hita ya gesi kwenye chumba cha pikipiki: soma kwanza kabla hujatoboa ukuta



Miezi ya Juni, Julai na Agosti huku kwetu juu, kuanzia Kibondo mpaka Kasulu, ni kiangazi, lakini usiku wake unamfanya mtu atafute blanketi la pili. Tuko zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu joto lote la ardhi linapanda na kupotea. Mtu mzima anajifunika. Kifaranga wa siku moja hana cha kujifunika, ana vinyoya laini tu.

Ndiyo maana kila mwaka kipindi hiki naulizwa swali lile lile: "Bwana mifugo, nina chumba ninacholaza pikipiki, kimeshikana na nyumba. Nataka nilelee vifaranga humo. Nimeona hita ya gesi inauzwa. Naifungaje?"

Leo nitajibu kwa kirefu. Jibu la kifupi niliwahi kulitoa nilipokuwa kazini Kibondo, na jibu hilo lilikaribia kuua mtu nyumbani kwangu.

Yaliyonikuta Kibondo

Nilikuwa nimepanga nyumba ya tofali za kuchoma. Ubavuni kulikuwa na chumba cha kulaza pikipiki, chenye mlango mmoja wa bati na dirisha moja dogo. Nilileta boksi mbili za vifaranga chotara, jumla 200, waliokuja kwa basi. Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, kwa hiyo sikutaka kutegemea balbu. Nikaweka jiko la mkaa.

Nilifanya kama nilivyokuwa nawafundisha wengine. Nikatundika nailoni dirishani. Nikajaza magunia kwenye nafasi iliyo kati ya ukuta na bati. Nikakunja gunia jingine nikaliweka chini ya mlango. Kwenye mikutano nilikuwa nasema, "Zibeni kila tundu, joto ni pesa," na watu walikuwa wanaandika.

Mpwa wangu wa miaka 14 alikuwa akiishi nasi. Aliomba alale humo ili aongeze mkaa usiku. Nilikubali, tena nilimsifu kwa kupenda kazi.

Usiku wa tatu, yapata saa kumi alfajiri, nilitoka kwenda chooni. Nikapita pale mlangoni nikamwita. Kimya. Nikasukuma mlango, lile gunia likagoma, nikasukuma kwa bega. Ndani kulikuwa na joto zuri. Moshi haukuwepo hata kidogo. Mkaa ulikuwa mwekundu, safi, na hakukuwa na harufu yoyote mbaya. Mpwa wangu alikuwa amelala chali. Nikamtingisha, hakuamka.

Nilimburuta mpaka uani. Hewa ya nje ilipompiga alitapika, akafumbua macho. Akasema, "Mjomba, kichwa kinapasuka. Miguu haina nguvu." Jirani alikimbia na kikombe cha maziwa. Mke wangu alidhani ni malaria iliyopanda kichwani. Tukampakia katikati yetu kwenye pikipiki tukaenda hospitali.

Daktari aliuliza swali moja tu: "Mlikuwa na jiko ndani?"

Aliwekewa oksijeni. Malaria alipimwa, hakuwa nayo. Kesho yake tulirudi naye nyumbani akiwa mnyonge, lakini mzima. Vifaranga 61 walikuwa wamekufa. Niliwazika bila kuwahesabia hasara, kwa sababu hasara niliyoikosa ilikuwa imekaa kwenye mkeka inakunywa uji.

Sumu isiyo na moshi wala harufu

Moto wowote unakula oksijeni. Mkaa, kuni, mafuta ya taa, gesi, vyote. Oksijeni ikipungua, moto hauungui vizuri, nao unatoa sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mkaa uliokolea, ule tunaouona ni salama kwa sababu hauna moshi, unaitoa kwa wingi.

Sumu hii ikiingia kwenye damu inashikamana nayo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaendelea kuvuta pumzi lakini damu haibebi tena kinachohitajika. Anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliyelala hasikii chochote, anazidi kulala.

Dalili hizo ni zile zile tunazozijua za homa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuna namna ya kutofautisha. Malaria haikuachi ukitoka nje na kukurudia ukiingia ndani. Na malaria hailazi watu watatu wa chumba kimoja kwa saa moja. Ukiona hivyo, fungua mlango, toa watu nje, halafu nenda kituo cha afya haraka na useme wazi kwamba kulikuwa na moto ndani. Maziwa hayatoi sumu hii. Asiyezinduka usimnyweshe kitu chochote, atapaliwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma, na nitalisema. Mwezi mmoja kabla ya hayo, mama mmoja mfugaji wa Mabamba aliniita kuona vifaranga wake waliokufa usiku mmoja. Niliwapasua wawili. Damu yao ilikuwa nyekundu ya kung'aa kupita kawaida. Niliiona, nikashangaa, nikapita. Nikamwambia ni ugonjwa wa mfumo wa hewa, nikamwandikia dawa, akanunua. Rangi ile ya damu ni alama ya sumu hii. Dirisha lake lilikuwa na nailoni niliyomwelekeza mimi.

Nilipohamia Kasulu

Nilipohamia Kasulu nilisema sitaki tena kuona mkaa ndani. Wakati huo mitungi ya gesi ilikuwa imeanza kufika mpaka kwenye maduka ya vijijini. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni jambo jema, na leo ukipita Makere au Heru Juu utakuta mtungi kwenye nyumba ambayo zamani ilikuwa na mafiga tu.

Lakini mkakati ule ni wa kupikia. Jiko la kupikia linawaka saa moja, mtu yuko macho na mlango uko wazi. Hita ya bruda inawaka usiku kucha, mlango umefungwa na watu wamelala. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi niliyachanganya. Nilidhani kwa kuwa gesi ni safi, basi shida ya hewa imekwisha.

Nikanunua hita ndogo ya gesi ya kulelea vifaranga, nikaiweka kwenye chumba cha pikipiki, mtungi ndani, dirisha nusu. Mke wangu alisimama mlangoni akaniangalia. Akasema, "Bwana mifugo mzima, unawasha moto pembeni ya tangi la petroli?"

Pikipiki yangu ilikuwa inavuja kidogo kwenye kabureta, na harufu nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoisikia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa, inatambaa vile vile. Nilizima kila kitu, nikatoa vitu vyote nje, nikaanza upya na fundi wa gesi. Haya ndiyo tuliyofanya.

1. Chagua: pikipiki au vifaranga

Chumba kimoja hakifanyi kazi zote mbili. Pikipiki inatoka, na madumu na chupa za petroli, rangi, tina na magunia makavu vinatoka pia. Mfanyabiashara unayeuza petroli ya chupa, usithubutu kuihifadhi chumba hicho au kuiweka karibu na mitungi unayouza.

2. Tazama ukuta wa katikati

Nyumba nyingi za kwetu hazina dari, na ukuta unaotenganisha vyumba haufiki kwenye bati. Ukiwasha moto chumba kimoja, hewa yake inapita juu na kushukia chumba cha pili walikolala watoto. Kwangu ulikuwa umebaki wazi karibu nusu mita. Tuliujenga kwa tofali mpaka juu, tukaziba nyufa kwa udongo na saruji. Kama una mlango wa ndani unaoingia nyumbani, uzibe kabisa. Kama huwezi kufanya hivyo, usifunge hita hapo. Tafuta banda la pembeni.

3. Matundu mawili, chini na juu

Hapa ndipo nilipobadilisha mafundisho yangu. Tulitoboa tundu la ukubwa wa tofali moja karibu na sakafu, na jingine la ukubwa huo ukuta wa upande wa pili, chini kidogo ya bati. La chini linaingiza hewa mpya, na gesi ikivuja inapata pa kutokea. La juu linatoa hewa ya moto iliyochakaa. Yote tuliyafunga wavu wa chuma kuzuia panya, vicheche na nyoka. Hayazibwi kamwe, hata usiku uwe wa baridi namna gani. Hita kubwa kuliko yangu inahitaji matundu makubwa zaidi, mwulize fundi.

Usiogope kupoteza joto. Kilo moja ya gesi inahitaji hewa ya zaidi ya mita za ujazo 12 ili iungue vizuri. Chumba changu kina mita 4 kwa 3 na kimo cha wastani cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 30. Gesi ya usiku mmoja tu inataka oksijeni iliyomo katika zaidi ya theluthi ya hewa ya chumba kizima. Bila tundu itaitoa wapi?

Kuna na maji. Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Huyaoni, lakini yakikosa pa kutokea yanarudi kwenye maranda. Maranda yakilowa, kuhara damu kunafuata. Wafugaji wengi wanaolalamika kwamba gesi inaleta ugonjwa, shida yao ni tundu la juu.

4. Mtungi unakaa nje

Mtungi usimame wima, kivulini, mahali palipo tambarare, mbali na tundu la chini, dirisha na mtaro. Usiuweke shimoni. Kwa ajili ya wezi tuliutengenezea kizimba cha nondo na wavu, ambacho hewa inapita, chenye kufuli ambalo ufunguo wake unaning'inia mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua.

Ukutani gesi ipite kwenye bomba la shaba. Mpira usipite ndani ya tofali, utasagika na hutauona. Mpira uwe mfupi, wa gesi hasa, ufungwe kwa klipu, siyo waya wala mpira wa baiskeli. Ukiona nyufa, badilisha. Kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi kiwe cha aina inayotajwa na hita yako. Usichukue tu cha jiko.

5. Hita yenyewe

Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya bruda, yenye kidude kinachokata gesi moto ukizimika. Jiko la kupikia lililofunikwa sufuria au debe siyo hita. Itundike kwa mnyororo wa chuma, siyo kamba. Yangu inaning'inia mita 1 juu ya maranda, kama karatasi yake inavyoelekeza. Moto wa jiko la gesi au hita ya ndimi unapaswa kuwa wa bluu. Ukiwa wa njano na unaacha masizi, zima, haupati hewa. Hita ya sahani inayong'aa iwe nyekundu sawasawa pande zote.

6. Povu kabla ya kiberiti

Changanya sabuni na maji, paka kila kiungo, fungua gesi bila kuwasha. Povu likivimba, panavuja. Rudia kila unapobadilisha mtungi. Gesi yenyewe haina harufu, imetiwa dawa ya kunuka ili tuijue. Ukisikia harufu hiyo, usiwashe wala kuzima taa, usibonyeze simu, usiwashe pikipiki. Funga mtungi, fungua mlango, toka. Lakini kumbuka, dawa hiyo inakuonyesha gesi iliyovuja tu. Kaboni monoksaidi haina wa kukuonyesha kwa harufu. Kuna ving'ora vyake vinavyouzwa mijini. Kama ndugu yako anatoka Dar es Salaam, mwagize kimoja kabla ya kumwagiza kitu kingine.

7. Hakuna anayelala humo

Siyo mtoto, siyo kijana wa kazi, siyo wewe. Mimi naamka mara mbili usiku, nafungua mlango, nasubiri kidogo, nachungulia. Vifaranga wakirundikana chini ya hita, wana baridi. Wakikimbilia kingo wakiwa wamefungua midomo, wana joto. Wakisambaa na kula, mambo ni mazuri. Wote wakisinzia kwa pamoja na hawashtuki ukiingia, usifurahie utulivu huo. Fungua mlango wote, zima hita.

Hesabu ya gesi

Hita yangu ni ya kilowati 1. Inakula takriban gramu 80 kwa saa, yaani karibu kilo moja kwa usiku wa saa 12. Mtungi wa kilo 15 unanipeleka usiku 15 hivi, wa kilo 6 usiku 6. Chukua bei ya mtungi hapo ulipo, gawanya kwa kilo, utapata gharama ya usiku mmoja. Wiki ya kwanza utahitaji joto hata mchana, kwa sababu vifaranga wanataka nyuzi joto 32 hadi 35. Baada ya hapo punguza nyuzi 3 hivi kila wiki kwa kuinua hita.

Unaponunua, mwambie muuzaji apime mtungi mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, kinachozidi ndiyo gesi yako. Muuzaji mwaminifu haoni aibu kuweka mizani.

Na usipashe joto chumba kizima. Weka duara la kadibodi kuzunguka vifaranga, maranda ya kutosha chini, na kadibodi ya kukinga upepo wa tundu la chini usiwapige moja kwa moja. Joto libaki kwa vifaranga, hewa ipite chumbani. Hayo mawili yanawezekana kwa pamoja, na mimi nilichelewa kulijua.

Kama hesabu haikukubali, au ukuta huwezi kuutoboa kwa sababu nyumba ni ya kupanga, una njia nyingine. Nunua vifaranga wa mwezi mmoja waliokwisha pita hatua ya joto. Au subiri baridi ipungue Septemba. Au waachie kuku wako wa kienyeji wanaoatamia wafanye kazi wanayoijua.

Nilichokwenda kusema Mabamba

Baada ya kufunga hita yangu nilipanda gari nikarudi Kibondo, nikaenda mpaka Mabamba kwa yule mama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia ule haukuwa ugonjwa, ilikuwa hewa, na aliyemwambia azibe dirisha ni mimi. Nilimrudishia pesa ya dawa.

Akaihesabu, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha banda lake. Dirisha lilikuwa wazi, limefungwa wavu tu, na ndani kulikuwa na vifaranga kama 80 wanaokula.

"Nailoni niliitoa siku nyingi, Bwana mifugo," akasema. "Kila nikiingia kichwa kilikuwa kinaniuma. Nikajiuliza, kama kinaniuma mimi mtu mzima, huyu kifaranga je?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe ndiye mtaalamu," akasema. "Ningekwambiaje?"

Basi ndugu yangu, mimi nakuomba uniambie. Ukiona nilichokufundisha kinakuumiza kichwa, fungua dirisha kwanza, halafu njoo uniambie. Na wewe uliyewahi kunisikia nikisema "zibeni kila tundu" kwenye mkutano wowote wa Kibondo, maneno hayo yafute, na umwambie na jirani yako.

Nawatakia malezi mema ya vifaranga na usiku salama.